SAFU YA AFYA: Tushone mfarishi wa rangi moja kutokana na picha ya jani, na tuyajue macho yetu



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia sukari, presha na kupunguza chumvi. Leo tutashika sindano na uzi. Somo letu ni namna ya kushona mfarishi mdogo wa kutundika ukutani, wa rangi moja tu, kwa kufuata picha ya jani uliloipiga mwenyewe. Kuna sababu ya somo hili kuwekwa kwenye safu ya afya na si ya mapambo. Kazi ya rangi moja inamtaka mshonaji atenganishe vitambaa vinavyokaribiana sana, na hapo ndipo macho yaliyoanza kuchoka hujitaja yenyewe. Aidha, ni kazi inayotuliza moyo na kuchezesha vidole, lakini ikifanywa ovyo huumiza shingo, mikono na hata miguu. Kwa hiyo tutakwenda na mambo yote mawili kwa pamoja: ushonaji na tahadhari zake.

Somo linawahusu zaidi ndugu zetu wanaoishi Muscat, hasa Matrah na maeneo ya karibu na Bandari ya Sultan Qaboos, kwani vifaa vyote vinapatikana hapo kwa kutembea kwa miguu. Lakini aliyeko London, Toronto au Dubai anaweza kulifuata vile vile.

KAZI YA RANGI MOJA SI NGENI KWETU

Huenda mtu akasema, "Nguo ya rangi moja ina uzuri gani?" Jibu liko kichwani mwa wazee wetu. Tazama zile kofia nyeupe za viua za Unguja na Lamu. Kitambaa cheupe, uzi mweupe, vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa mkono. Hakuna rangi ya pili, na bado ua linaonekana, kwa sababu ya kivuli kinachoingia kwenye vitundu na jinsi uzi unavyolala. Kofia hiyo ni ndugu wa kofia ya hapa Oman, inayoitwa kumma. Akina mama wengi waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na waliorejea Oman kuanzia miaka ya 1970, walikuja na ujuzi huo vidoleni, na wapo waliosaidia kulisha nyumba kwa kushona kofia.

Wengi wa akina mama hao leo ni watu wazima. Wapo walioacha kushona kwa maneno mafupi tu: "Macho hayaoni tena." Watu wa nyumbani huchukulia kuwa ni uzee na mambo yakaishia hapo. Ndugu msomaji, neno hilo lisikupite. Sababu nyingi za macho kufifia ukubwani zina matibabu, na nyingine zikicheleweshwa hazirudi nyuma.

VIFAA

Bandari ya Sultan Qaboos ilifunguliwa mwaka 1974, na kwa miaka 40 ilikuwa ndiyo mlango mkuu wa bidhaa za Muscat. Mwaka 2014 shughuli za meli za mizigo zilihamishiwa Sohar, na bandari ikabaki zaidi kwa meli za watalii. Soko la Matrah lililo ng'ambo ya barabara ya pwani bado lina maduka ya vitambaa na nyuzi. Ukienda, tafuta hivi:

1. Vitambaa vya pamba vya ngazi tano za buluu, nusu mita kila kimoja:
- namba 1, bafta nyeupe
- namba 2, samawati hafifu
- namba 3, samawati ya kawaida
- namba 4, buluu iliyokoza
- namba 5, kaniki, au pamba yoyote ya buluu inayokaribia weusi
2. Bafta nyingine nusu mita ya kutandika chini ya jani, na marekani nusu mita kwa ajili ya mgongo wa mfarishi.
3. Kipande cha blanketi jembamba la pamba, sentimita 45 kwa 55, cha kutia katikati. La zamani lililofuliwa sana ndilo zuri zaidi, kwani sindano hupita kwa urahisi.
4. Sindano tano za mkono zenye tundu kubwa, pini, uzi wa pamba wa buluu na mweupe.
5. Subana, yaani kastabini, ya kuvaa kidoleni. Hii si ya hiari. Sababu tutaiona mbele.
6. Mkasi mkali, chaki ya fundi, penseli, karatasi na pasi.
7. Sumaku ndogo ya kuokotea sindano, na kopo lenye kifuniko.

Vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa. Kaniki na buluu iliyokoza hutoa rangi, hivyo vifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Ukipuuza hilo, siku utakapoufua mfarishi bafta yako itageuka samawati.

HATUA YA KWANZA: PICHA

Chagua jani kubwa lenye mishipa inayoonekana. Jani la mkungu linafaa sana kwa anayeanza. Mti huu, ambao huku Ghuba wengi huuita bidam, hupandwa sana kwa ajili ya kivuli, na kwetu Afrika Mashariki watoto wote wa pwani wanazijua kungu zake. Jani lake ni moja, pana upande wa juu na jembamba kuelekea kikonyo, na mishipa yake imepangika kama mbavu. Kuti la mtende nalo ni zuri, ila lina vipande vingi vyembamba, liache kwa mara ya pili.

Piga picha asubuhi mapema au alasiri, jua likiwa upande. Jua la mchana wa utosi hufuta vivuli, na picha isiyo na vivuli haiwezi kushonwa kwa rangi moja. Jani likae peke yake, ujaze picha nzima kwa jani hilo. Kama unapiga karibu na bandari, elekeza kamera kwenye mmea tu, wala si kwenye mageti na sehemu zenye ulinzi.

Hatua hii ina faida yake kiafya. Kutafuta jani ni matembezi. Mtu mzima anashauriwa apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Barabara ya pwani ya Matrah ni tambarare, na kuanzia Novemba hadi Machi hali ya hewa ni nzuri. Wakati wa joto kali nenda alfajiri au baada ya magharibi, na uchukue maji ya kunywa.

HATUA YA PILI: KUONDOA RANGI NA KUCHORA

Simu nyingi zina sehemu ya kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Fanya hivyo. Sasa kijani kimeondoka na kilichobaki ni mwanga na giza tu. Ichapishe picha kwenye karatasi kubwa ya A3, ambayo ni takriban sentimita 30 kwa 42.

Ifumbie macho nusu uitazame. Utaona sehemu tano: ile inayong'aa kabisa, inayofuatia, ya kati, yenye kivuli, na yenye giza. Zungushia kila sehemu kwa penseli na uiandike namba, 1 kwa inayong'aa mpaka 5 kwa giza. Usifuate kila kijishipa. Sehemu kati ya 12 na 20 zinatosha kwa jani zima. Kisha bandika karatasi nyingine juu yake kwenye kioo cha dirisha mchana, unakili mistari na namba. Nakala hiyo ndiyo utakayoikata vipande, na ile ya kwanza itabaki kuwa ramani yako.

HATUA YA TATU: KUPANGA VITAMBAA, NA KUJUA MACHO YAKO

Hapa ndipo kiini cha somo. Changanya vitambaa vyako vitano mezani, kisha uvipange kuanzia cheupe mpaka cha giza. Ukimaliza, vipige picha na uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Simu itakuonyesha kama mpangilio wako umekwenda sawasawa.

Ukikosea, kwanza washa taa nzuri au sogea dirishani, uvae miwani yako kama unayo, na urudie. Watu wengi watapatia. Lakini zingatia mambo haya:

a) Huwezi kuona namba 1 na namba 2 zinapogusana, ingawa wenzako wanaona. Unapungukiwa na uwezo wa kutenganisha mwanga na kivuli, na sababu moja kubwa kwa watu wazima ni mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho kupata ukungu. Dalili nyingine ni taa za magari usiku kukuumiza au kuzungukwa na duara la mwanga, na kuhitaji taa kali kila mwaka zaidi.

b) Kaniki unaiona nyeusi na buluu iliyokoza huitofautishi nayo. Lenzi ya jicho hugeuka manjano kadiri umri unavyokwenda na huzuia sehemu ya mwanga wa buluu. Ndiyo maana tumechagua buluu kwa somo hili. Kidogo ni kawaida ya umri. Ikiwa kimezidi, au jicho moja linaona tofauti na jingine, nenda ukapimwe.

c) Unaona vizuri mbali lakini huwezi kutia uzi kwenye tundu la sindano. Kama umeanza kupata tatizo hili baada ya miaka 40, huenda ni macho ya ukubwani tu na miwani ya kusomea itatosha. Usinunue miwani dukani kwa kukisia na ukaridhika. Daktari akikupima kwa ajili ya miwani ataangalia na mengine.

Funika jicho la kulia utazame kwa la kushoto, kisha ubadilishe. Macho mawili hufichiana. Watu hukaa na jicho moja bovu muda mrefu bila kujua kwa sababu la pili linabeba kazi.

Naomba tuelewane hapa. Zoezi hili halichukui nafasi ya kipimo cha hospitali. Mtu anaweza kupanga vitambaa vyote vizuri na huku ana presha ya macho, ambayo mara nyingi hula uwezo wa kuona kuanzia pembeni bila maumivu yoyote. Vile vile, kisukari huharibu mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho, na mwanzoni mgonjwa haoni dalili. Hivyo basi, mwenye kisukari apimwe nyuma ya jicho kila mwaka, au kama daktari wake alivyomwelekeza, hata kama anatia uzi kwenye sindano bila miwani. Na ukiona ghafla miale ya mwanga, madoa meusi mengi yanayoelea, pazia linashuka mbele ya jicho, au jicho linauma na kuona kumefifia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mlioko Muscat, anzieni kituo chenu cha afya. Hospitali ya Al Nahdha inajulikana kwa matibabu ya macho. Wanaokwenda nyumbani kusalimia wanaweza kutumia nafasi hiyo, kwani CCBRT ya Dar es Salaam na hospitali ya Kikuyu nchini Kenya zimekuwa zikitibu macho kwa miaka mingi.

HATUA YA NNE: KUKATA NA KUSHONA

1. Kata ile nakala ya karatasi kwa kufuata mistari. Bandika kila kipande kwa pini juu ya kitambaa chenye namba yake, upande wa mbele ukiwa juu. Ukikigeuza kipande, jani litatoka kinyume.
2. Chora kwa chaki, kisha kata ukiacha nusu sentimita kuzunguka. Hiyo ni ya kukunjia.
3. Kunja ukingo huo kwa nyuma na uupige pasi.
4. Kata bafta ya kutandikia, sentimita 45 kwa 55. Panga vipande juu yake kwa kufuata ramani. Anza na vya giza, umalizie na vya mwanga, ili vya mwanga vikae juu.
5. Piga bandi vipande vyote, yaani mishono mirefu ya kushikilia tu. Sasa kaa mbali hatua tano uutazame. Kama jani halionekani, badilisha kipande kimoja au viwili kwa ngazi nyingine. Ni rahisi kufumua bandi kuliko kufumua mshono.
6. Shona kingo kwa mishono midogo inayojificha chini ya kitambaa, kisha fumua bandi.
7. Tandika marekani chini, blanketi katikati, jani juu. Piga bandi tena tabaka zote tatu, kuanzia katikati kwenda pembeni.
8. Sasa shona mishono ya juu-chini inayopita tabaka zote. Uti wa jani kwanza, kisha mishipa ya pembeni. Mishono ya milimita 4 inatosha. Mafundi hushona midogo zaidi, lakini kwa mwenye vidole vyenye maumivu milimita 4 haina aibu.
9. Nje ya jani shona mistari ya uzi mweupe kwenye bafta nyeupe, kama kwenye kofia ya viua. Ukiitazama ukiwa umesimama upande, mistari hiyo itatoa vivuli vyake.
10. Punguza kingo mpaka sentimita 40 kwa 50, uzungushie upindo wa kaniki, na ushone vitanzi viwili nyuma vya kutundikia.

TAHADHARI ZA MWILI

Macho. Taa itoke upande wa pili wa mkono unaoshonea, ili mkono usijitilie kivuli. Kila baada ya dakika 20 inua uso utazame kitu kilicho mbali zaidi ya mita 6 kwa sekunde 20, na upepese macho. Mwenye bahati ya kuishi Matrah ana meli bandarini za kutazama. Usikae mbele ya upepo wa kiyoyozi, unakausha macho.

Shingo na mgongo. Kazi iletwe kwenye macho, macho yasipelekwe kwenye kazi. Weka mto mapajani uinue kitambaa. Shona dakika 25 kisha simama, tembea, nyoosha mabega. Kushona saa 4 mfululizo ni kukaa saa 4 mfululizo, na kukaa hivyo hakumfai mtu wa presha wala wa sukari.

Mikono. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huweza kuwa ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Punguza kazi na umwone daktari ikiendelea. Usingoje mpaka vitu vianze kukuponyoka.

Vidole. Vaa subana. Mwenye kisukari anaweza kujichoma asisikie, na jeraha likachelewa kupona. Ukijichoma osha kwa maji na sabuni. Kidole kikivimba, kikiwa chekundu, cha moto au kikitoa usaha, nenda hospitali. Mkishona kikundi, kila mtu awe na sindano yake, msiazimane. Damu kidogo isiyoonekana inaweza kubeba virusi vya homa ya ini.

Miguu. Hili ndilo linalosahaulika zaidi. Tuseme nyumbani kuna mzee mwenye kisukari cha miaka mingi na miguu iliyokufa ganzi. Sindano moja imeanguka kwenye zulia. Akiikanyaga huenda asihisi, akatembea nayo siku kadhaa, na kidonda kikawa kimeshaoza ndani ndipo watu wajue. Watu wamekatwa miguu kwa majeraha madogo kama hayo. Kwa hiyo zihesabu sindano kabla ya kuanza: tano. Zihesabu ukimaliza: tano. Ikipungua moja, hakuna anayetembea peku mpaka ipatikane kwa sumaku. Mzee akaguliwe nyayo kila siku, na avae viatu hata ndani ya nyumba. Kopo la sindano liwe mbali na watoto.

FAIDA ZAKE

Tusizidishe. Mfarishi hauponyi sukari wala haushushi presha mahali pa dawa. Lakini kazi ya mikono inayokwenda taratibu hutuliza fikra, hasa kwa anayelala akiwaza mambo ya nyumbani na ya ugenini. Pia inakusanya watu. Mama aliyekuwa akikaa peke yake chumbani na televisheni, akipewa kazi ya kupanga namba 1 mpaka 5 pamoja na wajukuu, atazungumza, atafundisha mshono wa kofia, na watoto watasikia Kiswahili. Wasioona vizuri wapewe kukata karatasi na kupanga vipande vikubwa, wenye mikono mizito wapewe kupiga bandi. Kazi ina nafasi ya kila mtu.

KWA UFUPI

- Jani moja, rangi moja, ngazi tano.
- Panga vitambaa, kagua kwa simu, na upime kila jicho peke yake.
- Ukishindwa kwenye mwanga mzuri ukiwa na miwani, nenda kapimwe. Mwenye kisukari akapimwe hata akiweza.
- Dakika 25 za kushona, kisha simama.
- Subana kidoleni, sindano kwa hesabu.

Na yule mama au bibi aliyesema ameacha kushona kwa sababu ya macho, mpigie simu wiki hii. Muulize ni lini mara ya mwisho alipimwa. Kama hakumbuki, mpeleke wewe, na vitambaa vimngojee mezani akirudi.